Kimya cha Chumba cha Baba

Vumbi lilikuwa likielea kwenye mshale wa jua, pale dirishani pa studio, na mwanamke mmoja akilitazama kama mtu anayetazama watu wa kwao. Halitui. Linapanda, linashuka, linageuka, halitui.

Nyumbani walimwita Kiguu na Njia, na jina likamkaa kama kiatu kilichozoea mguu. Redio ya umma aliiingia kwa mlango wa nyuma, akibeba kanda kutoka chumba hiki hadi kile. Mitambo alijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa watu. Kukata sauti alijifunza kwa kuharibu za wenzake. Akawa mtayarishaji wa vipindi. Kituo hiki miaka miwili, kile mitatu, kingine hata kalenda haijabadilishwa. Akishajua kila mlango unavyolia, miguu inaanza kumwasha. Akaondoka. Akafika. Akaondoka.

Kitu kimoja alikibeba kote. Kila akimaliza kurekodi watu, kabla ya kukunja nyaya, huwaomba wanyamaze. Dakika moja tu, tafadhali, dakika moja tu. Maana hakuna vyumba viwili vyenye kimya kimoja. Ukikata maneno ya mtu, tundu unaliziba kwa kimya cha chumba chake mwenyewe, na msikilizaji hajui kama palipita makasi. Vimya vyote alivitia kwenye flashi moja iliyoning'inia kwenye funguo zake: kimya cha bohari la mbao, kimya cha wodi ya wazazi, kimya cha mahakama baada ya hukumu. Hakuwahi kuvisikiliza vyenyewe. Nani hukaa kutazama viraka?

Siku hiyo ya vumbi dirishani, dada yake mkubwa akapiga simu. Baba amepata kiharusi. Amepona mikono, ulimi umekwenda. Lete sauti yake, dada akasema, ile uliyomrekodi. Watoto wanaitaka, na yeye mwenyewe anaitaka, ukimtazama macho utajua.

Akaenda, begi la safari begani, kwa sababu kituo kipya kilikuwa kinamngoja na gari lingempitia alasiri.

Baba alikuwa mchora mabango. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na maneno yaliyomkwama kinywani yalimtelezea kwenye brashi. Miaka mitatu nyuma bintiye huyu wa njia alimrekodi kwa ajili ya kipindi, kisha akaingia na makasi. Alikata kila neno lililojikwaa, mikato mia mbili na kumi na moja, kila mkato na kiraka chake kutoka sekunde za mwanzo za kile kimya, na akajivuna. Akatoka mzee anayetiririka kama bomba. Kilipokwenda hewani, baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hu-huyo ni na-nani? A-anaongea vizuri." Watu wakacheka. Bintiye akacheka pia, akadhani amesifiwa. Rekodi nzima akaifuta, kama alivyofuta zote. Mtu wa njia habebi mizigo.

Sasa kipindi kikachezwa chumbani mwa baba, mzee akiwa ameegemea mto. Mjukuu wa miaka sita akasikiliza, akakunja uso.

"Huyu siyo babu. Babu akiongea anabisha hodi kwanza."

Baba akageukia ukuta.

"Mdogo wangu," dada akasema taratibu, "umemnyoosha baba kama shati. Aliyekunjamana hukumbakiza hata kidogo?"

Hakumbakiza. Alisimama katikati ya chumba, mtu aliyekusanya sauti za nchi nzima, na ya baba yake hana. Alitia mkono mfukoni kutafuta cha kushika, akashika funguo. Akashika flashi.

Ndani yake faili moja iliandikwa: Kimya, chumba cha baba. Dakika moja.

Wakakicheza. Feni ya zamani ikakwaruza. Brashi ikagonga mdomo wa kopo. Kigoda kikalia. Nusu dakika ikapita, kimya, kimya, halafu ndani ya kile kimya mtu akabisha hodi.

"Ma-mama. I-ikiisha hi-hii dakika, u-utakaa? Au u-unaondoka te-tena?"

Kisha sauti ya bintiye, kali, ya haraka: "Baba, nyamaza, unaniharibia." Na mzee akanyamaza, mtiifu, mpaka mwisho.

"Huyo ndiye babu," mjukuu akasema.

Baba akageuka kutoka ukutani. Mdomo ulicheka upande mmoja, upande uliokubali. Macho hayakucheka. Macho yaliuliza lile lile, na safari hii hapakuwa na wa kuyanyamazisha.

Nje gari likapiga honi. Likapiga tena. Bintiye akavuta kigoda, kile kile kinacholia, akakaa. Miguu ikamwasha vibaya. Akaiacha iwashe.

"Nipo, baba," akasema, na maneno yakajikwaa kidogo yakitoka.

Honi ya tatu, kisha mngurumo, kisha barabara tupu. Vumbi la gari likapanda, likaingia dirishani, likaelea kwenye jua la alasiri. Likazunguka. Likasita juu ya mkono wa mzee uliokuwa ndani ya mkono wa bintiye. Halafu, chembe kwa chembe, bila haraka, likatua juu ya begi lililofungwa pale mlangoni.