Milimita Zilizobaki

Siku ya Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, mpima samaki alichota ndoo moja kutoka kreti ya kumi, kama kanuni ilivyoagiza, akaimimina juu ya ubao wa kupimia. Walitoka vidagaa thelathini na tisa na kidole kimoja cha mtu. Vidagaa walikuwa wachanga. Macho yalikuwa yamewatoka kwa nguvu ya pampu iliyowafyonza baharini, na matumbo ya wengi yalikuwa yamepasuka. Kidole kilikuwa kizima. Mpima, ambaye alikuwa mwanamke, alikilaza sambamba na rula, akasoma sentimita saba na milimita sita, akaandika saba katika safu ya "Vinginevyo".

Mshika mizani alichungulia. Alikuwa mtu mnene, aliyechomeka penseli nyuma ya sikio la kulia kwa miaka mingi hata sikio likafanya mfereji.

"Hicho ni cha kaka yako," alisema. "Tazama wino kwenye ukucha."

"Nimeuona."

"Basi andika, dada. Foleni ni ndefu na barafu haina subira."

Kaka yake ndiye aliyekuwa mpima wa banda hilo kwa miaka kumi na moja. Vidagaa wale huvuliwa wawe chambo cha jodari, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hawavuliwi kabla ya kutaga. Alishika desturi moja, ambayo dada yake aliirithi pamoja na ubao: kila kipimo kilishushwa hadi sentimita kamili, na milimita zilizobaki hazikuandikwa. Alisema kwamba kiumbe asisifiwe urefu ambao hajaumaliza. Kwa sababu hiyo manahodha walimchukia, naye hakujali.

Wiki tano kabla ya Jumatatu hiyo aliandika kwamba samaki wote wa chombo kikubwa kuliko vyote walikuwa wachanga, na kwamba chombo kifungwe gatini miezi miwili. Nahodha alimwita ndani akague shehena. Mabaharia watano walimpiga kwa makoleo ya barafu mpaka makoleo mawili yakapinda, kisha wakampitisha katika mashine ya kusaga barafu, wakammwaga penye kundi la vidagaa. Mshika mizani aliyaona hayo kwa macho yake, kwa kuwa alikuwa ameingia chomboni kufuata kulabu yake. Ofisi iliandika "Mtoro kazini". Hapakuwa na maiti, kwa hiyo hapakuwa na kifo, na chombo kiling'oa nanga siku ya pili yake.

Aliyebaki na mzigo alikuwa mke wa marehemu. Kaburi hutolewa kwa cheti, cheti hutolewa kwa maiti kamili, na majirani walikwisha kukubaliana kwamba mume amehamia kwa mwanamke mwingine.

"Nitafutie, wifi," alimwambia mpima. "Nimzike, nikome kuitwa mke wa mtoro."

Basi kila siku, kutoka kreti ya kumi ya chombo kile na si kingine, kilitoka kipande. Vipande havikuoza. Mpima alivipima, akaviandika, akaviweka katika jokofu la sampuli. Adhuhuri wifi yake alifika na kitambaa kibichi, akavipangusa magamba na kuviunga juu ya benchi refu lililokuwa nyuma ya banda. Vilishikana vyenyewe, bila uzi.

"Leo nini, wifi?"

"Kisigino."

"Cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kulia."

"Ndicho alichokuwa akinipigia mlango akirudi na hasira," alisema mke, akakipangusa kwa uangalifu zaidi kuliko vingine.

Katika wiki ya tatu nahodha alikuja bandani. Wapakuzi walimpisha njia.

"Mama Rula," alisema, "nasikia siku hizi unakusanya nyama."

"Nakusanya sampuli."

"Za nani?"

"Za chombo chako. Soma kreti, namba yako imeandikwa ubavuni."

Nahodha aliutazama mkono wa kushoto wa mpima uliokuwa umeshika ukingo wa kreti, akaubamiza mfuniko juu yake kwa mguu. Vidole viwili vilivunjika kwa mlio wa kuni kavu. Wapakuzi waliendelea kupakua. Hapo mkono wa kulia wa kaka, uliokuwa umekamilika katika sinia tangu Alhamisi, ulitambaa juu ya meza, ukamshika nahodha kifundo cha mkono, ukabana mpaka mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Alipiga kelele kama mtu mwingine yeyote. Wanaume wawili waliuchokonoa kwa kulabu mpaka ukaachia, wakaurudisha katika sinia. Nahodha alifungwa kitambaa, akasema kwamba chombo kitatoka saa nane kama kawaida, nacho kilitoka saa nane.

Mshika mizani alichomoa penseli nyuma ya sikio, akaivunja vipande viwili, akavifunga kama banzi kwenye vidole vya mpima.

"Nitanunua nyingine," alisema. "Endelea, dada. Kreti kumi zinangoja."

Kichwa kilitoka Jumamosi, cha mwisho kabisa, kikiwa na ufa wa koleo juu ya paji la uso. Mkewe alikiunga. Kaka aliinuka akaketi kwenye benchi, akatema vidagaa watatu.

"Fomu iko wapi?" aliuliza.

Dada yake alimpa. Alijumlisha safu iliyotoka unyayoni hadi utosini, kwa kidole, bila haraka.

"Mia moja sitini na nne. Faili langu linasema mia moja sabini na moja. Ulishusha?"

"Kama ulivyonifundisha."

"Vema," alisema, akamrudishia fomu.

Jumatatu walikwenda ofisini wote wanne: mpima, kaka yake, mkewe, na mshika mizani, ambaye alivaa shati la kanisani kwa ajili ya kutoa ushahidi. Aliyaeleza yote: makoleo, mashine, majina ya wale watano. Aliweka sahihi. Mkaguzi alisikiliza bila kumkatiza, kisha akatoa utepe na kumsimamisha kaka ukutani.

"Mia moja sitini na nne," alisoma. "Mtoro wetu ni mrefu kuliko huyu."

"Mzee, ni mimi," alisema kaka. "Ufa huu ni wa koleo."

"Ufa nauona. Sikuulizi ufa, nakuuliza urefu. Fomu iliyokupima ni ya ofisi hii, imepigwa muhuri, na haisemi uongo. Je, inasema?"

Kaka hakuweza kusema kwamba fomu inasema uongo. Hakuwahi kusema hivyo maishani.

"Na cheti cha kuzikia?" aliuliza mkewe.

"Mama, huyu amesimama. Na yule wa faili bado ni mtoro. Nizike nani?"

Kwa kuwa banda lilikuwa na upungufu wa watu, mkaguzi alimwandika yule mfupi kuwa kibarua wa kupima. Mkewe alimchukua nyumbani. Alipunguza suruali zake sentimita nne na mashati sentimita tatu, akamwekea sahani mahali pake pa zamani. Majirani walipomwona walisema kwamba mwanamke naye hatimaye amepata mwingine, ingawa mfupi.

Chombo kikubwa hakikufungwa. Fomu ya ushahidi iliwekwa kabatini, na nakala yake ikapelekwa kwa nahodha, kama utaratibu unavyotaka, ili naye apate kujibu. Alhamisi mshika mizani hakuja kazini. Ijumaa ofisi iliandika "Mtoro kazini".

Jumatatu iliyofuata, saa moja na robo, kaka alichota ndoo kutoka kreti ya kumi, akaimimina juu ya ubao. Walitoka vidagaa wengi wachanga, wenye mayai ambayo hayakupata kutagwa, na sikio moja la kulia, nene, lenye mfereji nyuma yake. Alilipangusa magamba, akalilaza sambamba na rula.

"Ngapi?" aliuliza dada yake, kalamu mkononi.

"Sita na milimita nne."

Dada aliandika sita, akangoja.

"Andika na milimita," alisema kaka.

Aliandika na milimita. Nje, chombo kikubwa kilikuwa kikipakia barafu.