Alichosema Daktari

Chai ilipita wodi ya wanaume saa nne asubuhi, kwenye vikombe vya bati vyenye ukingo wa buluu. Abeid alionja ya kwake akakuta haina sukari. Akafungua kinywa kumwambia muuguzi, hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka pumzi tupu, kama ya mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nane, mwaka 1961, siku tatu baada ya sindano yake ya nne. Muuguzi aliandika kwenye kadi kwamba sauti imeondoka, akamletea sukari kwa kukisia, akaenda kitanda cha pili.

Saa nne na nusu sauti ilionekana iliko. Ilikuwa barazani, kwenye benchi la wagonjwa wa nje linalotazama ziwa, imeketi kati ya mwanamke aliyeleta mtoto wa homa na mzee aliyefungwa bendeji mguuni. Hakuna aliyeshindwa kuitambua. Abeid alikuwa mkalimani wa hospitali ile kwa miaka kumi na mmoja, na nusu ya Mwanza ilikuwa imesikia habari za mwili wake kutoka kinywani mwake. Mwanamke alisogeza kikapu ili sauti ikae vizuri. Mtoto aliyemsindikiza yule mzee aliiamkia shikamoo, nayo haikuitikia marahaba. Hilo ndilo lililosemwa mjini siku ile, kwamba sauti ya mtu mzima imekosa adabu.

Haikuitikia kwa sababu ilikuwa kazini. Ilikohoa kidogo, kama Abeid alivyozoea kukohoa kabla ya kutafsiri, kisha ikasema: "Shimba wa Usagara, mwaka hamsini na tisa, mwezi wa pili. Daktari alisema: dawa hii ni ya majaribio. Hatujui kama itakusaidia au itakudhuru. Ukiikataa, hakuna atakayekulaumu."

Ikanyamaza mpaka kesho yake. Shimba mwenyewe alikuwa amekufa zamani, mwezi wa tatu wa mwaka huohuo wa hamsini na tisa. Alitia dole gumba kwenye karatasi huku anacheka, kwa maana alichosikia kwa Abeid ni kwamba dawa mpya imetoka Ulaya na yeye atapona.

Isidhaniwe kwamba Abeid alikuwa mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa mtu wa malezi mema, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Pande zile, kumwambia mgonjwa usoni kwamba atakufa ni kukiita kifo kije, na anayewaitia wenzake kifo anajulikana kwa jina la mchawi. Daktari, Mzungu mrefu asiyekuwa na ubaya na mtu, hakulelewa hivyo. Aliyasema mambo hayo huku anafuta miwani yake. Akisema maneno arobaini, Abeid alitoa matano, tena mazuri. Na lile la kwamba mgonjwa anaweza kukataa hakuwahi kulitamka hata mara moja. Mtu ametembea siku mbili kuja kutibiwa, unamwambiaje kwamba si lazima atibiwe? Ni kumwekea mgeni ugali na kumwambia anaweza kuuacha. Watu walimpenda Abeid na kumletea kuku, na karatasi za madole gumba zikajaa kabati.

Kisha uvimbe ukamtoka yeye mwenyewe shingoni. Yeye aliyasikia maneno yote arobaini kwa Kiingereza chake, bila wa kumpunguzia. Akatia sahihi. Ndipo alipojua kwamba aliyeshikwa na woga hasikii neno la kukataa hata akiambiwa mara tatu.

Sauti ikawa inakuja kila siku isipokuwa Jumapili. Saa nne na nusu, mgonjwa mmoja, kwa mfuatano wa walivyofika hospitali, na kwa lugha ya jamaa zao. Habari zikaenea. Kija wa Nyakato alikuja na kigoda chake, akasikiliza kwa Kisukuma yale daktari aliyosema juu ya mumewe, akashukuru, akabeba kigoda chake akarudi. Karani wa hospitali aliandika barua Dar es Salaam kuuliza kama sauti ni mtumishi au ni mgonjwa. Hakujibiwa, maana serikali ilikuwa katika kubadilishana viti.

Daktari alimuuliza mkalimani mpya ile sauti inasema nini. Mkalimani mpya alikuwa Zadok, mwalimu mzima wa shule ya misheni kutoka Musoma, mtu mpole mwenye mvi za mapema. Zadok alifikiri kidogo, akamjibu kwa Kiingereza kwamba inamsalimu. Tangu hapo daktari alikuwa akipita barazani anainua kofia na kuiambia, "Jambo."

Abeid aliyasikia yote kupitia dirisha la wodi, na alikuwa anaogopa. Aliogopa kuliko alivyouogopa uvimbe. Mfuatano wa wagonjwa alikuwa nao kichwani, na wa kumi na tisa alikuwa Msafiri, mdogo wake Mwanvua. Mwanvua ndiye mkewe, na hakuwa na mwingine duniani. Watoto hawakujaaliwa, ndugu walikwisha. Kila asubuhi mwanamke yule alitembea kutoka Kirumba na birika la uji mwembamba, kwa kuwa koo la mumewe halikupitisha kingine. Kwa ajili ya mazungumzo alimnunulia kibao cha shule na chaki. Abeid aliandika kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo Mwanvua alizosomea chuo cha Kurani.

Siku ya kumi na nne Abeid aliinuka kitandani, akaenda kuketi karibu na sauti yake kabla ya saa yake ya kusema. Alifungua kinywa kwa adabu, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango. Haikuingia. Akaiandikia kibaoni kwamba imruke Msafiri, akakishika kibao mbele ya ile nafasi tupu. Ilipofika nne na nusu, ikamsema wa kumi na nne.

Siku ya kumi na nane alimwandikia mkewe, "Kesho usije." Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kumwambia neno hilo. Kwa hiyo kesho yake Mwanvua aliwahi kuliko siku zote, akiogopa kwamba amezidiwa. Alikuwa anapanda ngazi za baraza wakati sauti ilipokohoa.

"Msafiri wa kiwanda cha pamba, mwaka sitini, mwezi wa sita, Jumanne. Daktari alisema: dawa inammaliza haraka kuliko ugonjwa, tuiache. Jumamosi hatafika. Dada yake akitaka, amchukue leo akafie nyumbani."

Mwanvua alisimama na birika lake mpaka ikamaliza. Jumanne ile Abeid alikuwa amemwambia kwamba Msafiri avumilie kidogo, Jumamosi huenda akaruhusiwa. Mwanvua akarudi Kirumba kumtayarishia chumba. Walimfuata Alhamisi kumpa habari ya msiba, wakamkuta juu ya ngazi anapaka ukuta chokaa.

Sasa aliingia wodini, akamimina uji, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Abeid alichukua kibao, akaandika, akafuta, akaandika, akafuta.

"Nilikuwa napaka chokaa," Mwanvua alisema. "Yeye anakufa huku, mimi napaka chokaa."

Alilia kidogo, bila sauti kubwa, kwa kuwa kulikuwa na wagonjwa. Kisha akamnyang'anya kibao akakifuta kwa upindo wa kanga. Alisema hatamwacha, maana mgonjwa haachwi. Ila alitaka kitu kimoja.

"Siku daktari akisema neno juu yako, uniandikie kama lilivyo. Hata likiwa la kuniua mimi. Mzee Abeid, umenisikia?"

Abeid aliapa kwa kichwa na kwa mkono kifuani.

Sauti iliendelea. Siku ya Uhuru haikusema, ilikuwa sikukuu. Kabla mwezi wa kumi na mbili haujaisha ilimsema mgonjwa wa mwisho, ikawa kimya. Watu waliendelea kuiachia nafasi yake kwenye benchi, hata siku za msongamano.

Mwezi wa kwanza Abeid na mkewe waliitwa chumba cha daktari. Bendera nje ilikuwa mpya, kiti kilikuwa kilekile. Daktari alivua miwani, akaanza kuifuta. Alisema dawa imeshindwa. Alisema sauti haitarudi na mgonjwa amebakiwa na miezi miwili, pengine pungufu. Alisema ipo dawa nyingine ambayo hawajui lolote juu yake, na kwamba mgonjwa ana haki ya kuikataa akaenda zake nyumbani.

Zadok alimgeukia Mwanvua kwa upole. "Daktari anasema Mzee anaendelea vizuri, mama. Kuna dawa nyingine, mpya zaidi. Na sauti itarudi."

Akasogeza karatasi.

Mwanvua hakumtazama Zadok. Alitoa kibao ndani ya kikapu, akakiweka kwenye goti la mumewe, akamshikisha chaki. Abeid aliitazama mikono ya mkewe. Akaona mikono ile inapaka chumba kingine. Akaandika polepole, herufi nzuri za chuoni: "Ni kama alivyosema Zadok."

Mwanvua alisoma kwa midomo. Akashusha pumzi, uso ukamlegea kwa nafuu.

"Mwambie daktari tunashukuru," alisema.

Hilo Zadok alilitafsiri kama lilivyo. Abeid akatia sahihi, na mgonjwa mwingine akaitwa kutoka barazani.

Jengo lile lilikuwa na mlango mmoja. Ilikuwa saa nne na nusu. Walipokaribia kutoka, Abeid alisikia kikohozi kidogo anachokijua, akamkamata mkewe mkono. Mwanvua naye alikuwa amekisikia. Alitazama kibao, akamtazama mumewe, akautoa mkono wake taratibu, akatangulia.

Watu wa benchi walikuwa wameshasogea kumpisha. Aliketi, akaliweka birika miguuni.

"Abeid wa Kirumba," sauti ilianza, "mwaka sitini na mbili, mwezi wa kwanza, leo."