Gari Lilikuwa Zima

Nilizungusha ufunguo, taa zote za dashibodi zikawaka, nyekundu na njano na kijani, lakini injini haikusema kitu. Nikazungusha tena kwa nguvu, kana kwamba nafungua kufuli lenye kutu. Taa zile zile zikanitazama. Hapakuwa hata na ule mlio mdogo wa "tik" ambao gari lililochoka huutoa kabla ya kukata tamaa. Mbele yangu lilikuwepo daraja la magogo tuliyokuwa tumemaliza kuyapanga upya, chini yake mto mdogo wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo yake njia ya kwenda Kasongo. Ilikuwa saa sita mchana. Binti yangu Djamila, mwenye miaka sita, alikuwa amelala hospitalini Kasongo akingoja damu, na damu yenyewe ilikuwa kwenye mishipa yangu.

Simu ya mke wangu Subira ilinikuta alfajiri huko Salamabila, ambako naendesha magari ya Lwamba, mnunuzi wa dhahabu. Subira si mtu wa kulia kwenye simu. Alisema polepole, neno moja moja, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba Djamila, mutoto amekuwa mweupe hata mu mikono. Malaria imemumaliza damu. Munganga wa hospitali anasema kama hatupate ya kumutia leo, basi."

Damu ya Subira haikulingana na ya mtoto. Wajomba watatu walikuwa wamepimwa na hakuna aliyefaa. Yangu ilijulikana, maana mwaka uliotangulia nilikwisha kumpa mtoto huyo huyo, akaamka kesho yake akidai maandazi.

"Njoo na damu yako," Subira alisema, kisha mtandao ukakatika.

Nilitaka kuchukua pikipiki. Lwamba ndiye aliyekataa. Alitoka nje na kitenge kiunoni, akiwa hajanawa uso, akaniwekea mkononi ufunguo wa jeep yake mpya, yaani mpya kwake, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuchakazwa na watu wa nchi nyingine kabla ya kufika Bukavu na hatimaye kwetu.

"Mvua ilinyesha juzi, pikipiki zitalala mu matope," alisema. "Na mutu wa kutoa damu hafai kufika amechoka. Enda na hii."

Alifanya hivyo kwa huruma tupu, na mpaka leo sijasikia neno baya kutoka kinywani mwake kuhusu siku ile. Hapa sina budi kusema ukweli juu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeendesha magari kwa miaka ishirini na miwili: malori ya mihogo, jeep kuukuu za misioni, magari yasiyo na milango, yote ya kukanyaga klachi na kubadilisha gia kwa mkono. Magari yanayobadilisha gia yenyewe nilikuwa nikiyaita magari ya wavivu. Lwamba aliketi kando yangu anieleze, akigusa herufi moja moja ubavuni mwa ule mkono wa gia.

"P ni ya kusimama. R, kurudi nyuma. N, haina kitu. D, unaenda. Unakanyaga freni kwanza ndio uihamishe. Halafu ukiizima, hakikisha..."

"Patron," nilimkata, "mimi nilikuwa naendesha gari wakati wewe ulikuwa unauzisha karanga."

Akacheka, akashuka, akaupiga mlango kwa kiganja ili niende. Mimi na Lwamba ni rika moja na tumezoea kutaniana hivyo. Sikumwacha amalize sentensi yake.

Mwanzoni safari ilikwenda vizuri mno, hata naona haya kusema kwamba niliifurahia. Kwenye matope nilivuta ule mkono mdogo wa pili unaoyaamsha magurudumu yote manne, hilo nililijua vizuri, na gari likapanda vilima bila kulalamika. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa ukitafuta klachi isiyokuwepo, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'oka. Tukaiacha Kabambare nyuma. Nasema "tukaiacha" kwa sababu njia nzima nilikuwa nikiongea na Djamila. Nilimwambia ajikaze, nikamwahidi maandazi, nikamwahidi na viatu vyekundu ambavyo mama yake alikuwa amekataa kumnunulia.

Ndipo nikafika kwenye lile daraja. Magogo mawili yalikuwa yametelezea pembeni na kuacha uwazi wa kumeza gurudumu. Wanaume watano waliotoka mashambani walikuwa wamekaa pale na mapanga yao. Nikasimama kwenye mteremko.

Dereva wa kwetu hana breki ya mkono. Anayo, lakini imekufa zamani, kabla hajalinunua gari. Akisimama mlimani huzima injini na kuiacha gia imeingia ili gari lijishike lenyewe, kisha hushuka kuweka jiwe mbele ya gurudumu. Mikono yangu imefanya hivyo mara elfu ngapi sijui, na siku ile ilifanya bila kuniuliza. Nilizima gari likiwa kwenye D. Kwangu gia ilikuwa imeingia. Gari likasogea mbele kidogo, nikashangaa, nikavuta breki ya mkono, ambayo kumbe hata ilikuwa inafanya kazi, nikashuka na kuweka jiwe kubwa. Tukayapanga magogo kwa muda usiozidi nusu saa. Nilirudi kwenye usukani nikifuta mikono kwenye suruali, nikazungusha ufunguo.

"Démarreur imekufa," niliwaambia wale wanaume.

Kila mmoja anaijua ile mota ndogo inayoiamsha injini, na kila mmoja anajua dawa yake. Nikaingia chini ya gari na spana, nikaigonga mota nikiomba dua kwa sauti. Haikuwaka. Ilibaki dawa ya pili, kusukuma. Tulilivusha gari darajani kwa mikono, kwa sababu ng'ambo kulikuwa na tambarare ndefu. Sasa, gari la kusukumwa huwashwa kwenye gia ya pili, hata mtoto wa Kasongo atakuambia. Nikautazama ule mkono, na chini ya D nikaona imeandikwa 2. Nilifurahi sana. Nikauvuta hadi pale, nikatoa kichwa dirishani na kupiga kelele: "Sukuma!"

Walisukuma. Gari la kawaida, likipata mwendo, hushika. Unalisikia likikupinga, linatetemeka, linakohoa, linawaka. Hili liliteleza tu kama toroli. Tukalirudisha nyuma na kuanza upya. Mara nne. Wale wanaume, ambao hawakunijua hata kwa jina, walikuwa wamelowa jasho, na mmoja alikuwa amepoteza kandambili kwenye matope. Nilikuwa nimewaambia habari za mtoto, ndiyo maana hakuna aliyeondoka.

Ilipata saa saba hivi pikipiki ikatokea upande wa Kabambare. Nyuma lilikuwa limefungwa gunia moja la karanga. Mwenyewe alisimama, akaulizia, akaelezwa. Hakufikiri mara mbili. Alianza kufungua kamba za gunia lake.

"Papa, panda. Gunia nitaliacha hapa na hawa, nitarudia kesho. Twende."

Nimelirudia jibu langu kichwani mara nyingi kuliko ninavyorudia jina la mtoto wangu. Nilitazama gari la Lwamba, nikaona nitamwambia nini nikiliacha porini. Nikajiambia bado dakika kumi tu, na likiwaka litaipita pikipiki hii na kuiacha mbali. Lakini hayo ni maelezo ya juu. Chini yake kulikuwa na aibu. Dereva wa miaka ishirini na miwili, nibebwe kama gunia la karanga, niache nyuma gari ambalo kila mtu atasema lilinishinda?

"Endelea tu, kaka," nilimwambia. "Hii inawaka sasa hivi."

Akafunga gunia lake tena. Alinitazama kidogo, halafu akaenda.

Saa nane na nusu mwanamke mmoja akaja akitokea upande wa Kasongo, kwenye pikipiki iliyopakiwa chumvi na betri za tochi. Wale wanaume walimjua. Ni Mama Régina, mfanyabiashara anayeuzia wachimbaji wa Salamabila, na marehemu mume wake alikuwa akiuza magari yaliyotumika huko Uvira. Aliposikia kwamba kuna mtoto anangoja, alishuka, akapandisha kitenge chake, akanifanyia ishara ya kidole nitoke kwenye kiti. Nikatoka. Akaketi, akakanyaga breki, akausukuma ule mkono mbele mpaka mwisho, hadi kwenye P. Akazungusha ufunguo.

Injini ikawaka mara moja, kwa sauti laini, kama ambayo haijawahi kuzimwa.

"Gari iko nzima, papa," alisema. Hakuwa na kejeli hata kidogo. "Ulikuwa umeiacha mu mbili. Hii haiwake mu vitesi, gia ikiwa imeingia. Mpaka P, ao N. Na kuisukuma, hata musukume mpaka Kindu, haiwake."

Mmoja wa wale wanaume alianza kucheka, akanitazama, akaacha. Sikumshukuru Régina. Wala wao sikuwashukuru. Niliingia nikaondoka mlango ukiwa bado wazi.

Sikumbuki njia. Nakumbuka masikio yangu tu, jinsi damu ilivyokuwa ikigonga ndani yake, nami nikiisikia na kuwaza: iko hapa, ni hii hapa, nyingi hivi. Niliingia Kasongo adhana ya magharibi ikitolewa. Hospitalini walinivuta mkono kabla sijasema jina langu. Kupitia mlango ulio wazi nilimwona Subira amekaa kitandani, ameushika mguu wa mtoto. Sikuuona uso wa mtoto. Mtu wa maabara akasema damu inafaa, akaniambia nikunje na kukunjua ngumi, nami nikakunja kwa nguvu zangu zote ili itoke haraka. Mfuko ulikuwa umejaa, muuguzi ameubeba kwa mikono miwili na anakwenda nao, niliposikia sauti ya Subira. Ilikuwa sauti moja tu, fupi.

Muuguzi alisimama katikati ya chumba na mfuko wangu ungali na joto. Kitanda cha pili kilikuwa na mtoto mchanga wa Cadette, muuza samaki wa Nyangwe, mtoto huyo naye alikuwa akingoja damu tangu asubuhi, na kundi lake la damu lilikuwa lile lile. Daktari alinijia akainama.

"Papa Atumani, tunakuomba..."

"Mumpe," nilisema.

Tulimzika Djamila asubuhi. Kwenye matanga wanaume walizilaani démarreur zote za dunia. Walisimulia magari yaliyowasaliti, waliolala porini, waliokosa mazishi ya mama zao. Kila aliyenipa mkono alisema, "Pole, gari ni chuma tu," nami nikaitika ndiyo. Lwamba alimpa fundi alichunguze gari, fundi akasema démarreur ni nzima, labda ni waya ulioingia matope. Nikasema labda. Uongo wangu haukunigharimu kitu, watu walikuwa wakiuleta wenyewe na mimi nikiupokea tu.

Siku ya arobaini Cadette alikuja kutoka Nyangwe na kuku mkononi na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amenenepa. Cadette alipiga magoti mbele ya Subira, akaulaza kichwa chake kwenye magoti ya mke wangu, wakalia pamoja muda mrefu. Yule mtoto alikuwa ameshika ncha ya ushungi wa Subira na kuutia mdomoni. Nilitoka nje.

Cadette alipokwisha kwenda, nilimkuta Subira uani akichambua mchele. Alinisogezea kigoda.

"Usijiumize hivi, Baba Djamila," alisema. "Gari ilikufa. Wewe ungefanya nini?"

Ningeweza kukaa kimya. Angeniamini mpaka kaburini, na pengine ingekuwa nafuu kwake. Lakini alikuwa ananifariji kwa sauti ile ile aliyokuwa akimbembelezea mtoto, na nilishindwa kuivumilia. Nikamweleza yote: D, na jiwe, na namba mbili, na yule wa pikipiki aliyekuwa akifungua gunia lake. Nilimweleza Mama Régina alivyogeuza ufunguo. Sikujitetea popote.

Subira hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutoa chuya na vijiwe na kuvitupa pembeni.

"Ile pikipiki," aliuliza, "ilikuwa saa ngapi?"

"Saa saba."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu kitu.

"Saa nane aliamka," alisema. "Akaniuliza, Papa amefika wapi. Nikamwambia, Papa iko mu njia, anakuja mbio sana." Aliusogeza mchele uliokwisha kuchambuliwa upande mmoja wa ungo. "Alifurahi. Akaniambia: basi silale, mama. Nimungoje."