Wa Kwanza Kushika Gongo

Gongo la kriketi liligonga sakafu mara mbili, likatulia, likagonga mara ya tatu. Mirindi alilisikia ndani ya simu, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi, akafanya kile ambacho mwenye siri hukifanya: alijitia hamnazo, akaendelea kubishana.

Walikuwa watatu kwenye simu hiyo moja. Mirindi alikuwa jikoni kwake Reynoldsburg, viungani mwa Columbus, mkewe Adolphine ameshakwenda kwenye kazi yake ya kuwahudumia wazee. Ruberwa alikuwa Louisville, akivaa viatu vya ghalani. Nshombo alikuwa Buffalo, upande wa East Side, ambako majirani zake kutoka Bangladesh ndio watu pekee mtaani waliomwelewa akitaja kriketi. Kila England walipocheza nyumbani zile mechi za siku tano, watatu hawa walipigiana simu kabla ya mpira wa kwanza, kila mmoja akasoma kikosi chake cha watu kumi na mmoja, kisha wakagombana hadi saa ya kazi. Mchezo wenyewe walifundishwa katika kambi ya wakimbizi Uganda na mwalimu mmoja mwenye subira ya ajabu, na miaka yote ya Marekani haikuwatibu.

Leo ilikuwa siku ya kwanza ya mechi ya tatu, na ugomvi ulikuwa juu ya mmoja wa wapigaji wawili wa England wanaofungua mchezo.

"Mipira makumi sita, mikimbio kenda," alisema Mirindi. "Bon, ule analala. Mumutoe."

"Njo kazi yake, kaka," alisema Ruberwa. "Yeye anachokesha barushaji, benzake banakuya kula."

"Mumutoe kama munataka," alisema Nshombo, mdogo wao. "Lakini mumwambie mu macho, sawa vile tulikuwa tunafanya sisi."

Mirindi alikiweka kikombe mezani. Kambini ndiye aliyekuwa nahodha, na kambini palikuwa na desturi. Asubuhi ya mechi nahodha alisimama kando ya lori akasoma majina kumi na moja, na kila aliyesomwa aliitika, "Niko." Asiyechaguliwa aliambiwa jioni ya kuamkia mechi, uso kwa uso, kisha akapewa mfuko wa magongo aubebe. Alipanda lori pamoja na wengine. Hakuna aliyeachwa.

Gongo likagonga tena. Mara mbili, kimya, mara moja.

"Ni kwa nani banagonga?" aliuliza Nshombo.

Ruberwa alisema kwake kumetulia. Nshombo alisema kwake pia. Basi wakafanya la busara: kila mmoja azime kipaza sauti chake kwa zamu. Ruberwa alizima, mlio ukaendelea. Nshombo alizima, ukaendelea. Mirindi alipozima, walingoja kidogo, kisha akamsikia Ruberwa akisema, "Imenyamaza. Donc ni kwako."

Mirindi akatazama jikoni kwake. Friji, meza, viti vinne, ukumbi mwembamba wa kwenda vyumbani. Masikio yake hayakusikia kitu. Alipokifungua tena kipaza sauti, mlio ukarudi ndani ya simu, kutoka nyumba yake mwenyewe.

"Ni mashini ya jirani, ya kufua," alisema.

Hofu ilimshika, na hakuna sababu ya kuificha: alikuwa anaujua mlio ule. Kataliko, kaka yake Nshombo, aligonga hivyo kila alipongoja mpira. Yeye na Mirindi ndio waliokuwa wakifungua, wakitoka wawili wawili uwanjani, Kataliko kulia, Mirindi kushoto. Kataliko alikuwa mzito. Angeweza kusimama asubuhi nzima bila kutolewa na bila kufunga la maana, na watazamaji walimcheka, na Mirindi, kijana mwenye haraka ya kusifiwa, alianza kuona aibu kutembea naye.

Ndipo ikaja mechi ya Mbarara. Mirindi akamweka mwingine mahali pa Kataliko, na jioni ile akakosa ujasiri wa kumwambia rafiki yake. Asubuhi akasoma majina kumi na moja. Kataliko alikuwa amesimama kando ya lori, akigonga ardhi kwa gongo lake, akingoja jina lake. Hata mfuko hakupewa. Lori likaondoka.

Waliporudi hawakumkuta. Watu walisema alishika njia ya kwao Kivu, kwenye vita, kuangalia shamba la baba yao, na toka siku hiyo hakuna aliyeleta habari wala mwili. Nshombo alikuwa kalala na malaria. Alipopona alimwuliza nahodha, na nahodha akamjibu kwamba Kataliko mwenyewe aliomba apumzike. Kwa miaka kumi na minane Nshombo alimwonea uchungu kaka yake kwa kuondoka bila kuaga, na kwa miaka hiyo yote Mirindi alimwacha aone hivyo.

Kwa siku tano za mechi ile ya tatu mlio haukukosa. Nshombo hakuuliza tena. Aliongea kidogo, kama mtu anayehesabu.

Mechi ya nne ilipofika, Mirindi alikaa mapema. Alikuwa ameandika kikosi kwenye bahasha ya bili ya umeme. Alifungua mdomo kusoma, na gongo likagonga, mara hii karibu sana na simu.

"Nshombo," alisema. "Yaya yako Kataliko hakuomba kubakia. Nilimutoa mimi. Sikumwambia. Nilisoma majina, yake nikaacha, na yeye alikuwa anasimama pale."

Kule Buffalo kiti kilisogezwa.

"Alikuwa anafanya nini?" aliuliza Nshombo hatimaye.

Simu ndiyo iliyojibu: mara mbili, kimya, mara moja.

"Nilijua ule mulio toka siku ya kwanza," alisema Nshombo. "Nilikuwa nangoja we useme. Sasa soma equipe, yaya Mirindi. Ya kwetu, ya kambini. Uanze na yeye."

"Nshombo, mi naomba..."

"Utaomba kisha. Soma."

Mirindi alisimama, kwa kuwa nahodha husoma amesimama. Bahasha ikamtoka mkononi, hakuiokota.

"Wa kwanza," alisema, "Kataliko."

Mlio ukakoma. Alingoja kama alivyozoea kungoja kando ya lori, na hakuna aliyesema "Niko." Lakini nyuma yake, ukumbini, si ndani ya simu bali kwa masikio yake mwenyewe, alisikia gongo likiinuliwa kutoka sakafuni, na mtu akivuta pumzi.

"Usigeuke," alisema Ruberwa kutoka Louisville, ingawa hakuna aliyemwambia kitu.

"Wa pili," alisema Nshombo. "Nani anatoka na yaya yangu?"

Mirindi alitazama mlango wa mbele. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshajikunja kama uliokamata mpini.

"Wa pili, Mirindi," alisoma. Kisha, kwa sauti ndogo, akaitika.

"Niko."