Mshtakiwa Akinyamaza

"Kosa! Mshtakiwa akinyamaza, amekubali. Rudia!"

"Sirudii, baba! Akinyamaza hajakubali kitu!"

"Nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja!"

"Umekaa mlangoni!"

Hapo Hoja akatamani aumeze ulimi. Hoja ni jina la nyumbani tu, walimbandika kwa ubishi wake tangu hajaota meno. Asubuhi hiyo saa tatu alikuwa na usaili wa kuingia chuo cha sheria, mara ya pili, maana mwaka jana walimpiga chini. Na baba yake, ambaye kazi yake yote ilikuwa kusimama mlangoni mwa mahakama akiita mashahidi mpaka akastaafu, alikuwa amemweka kitako sebuleni tangu alfajiri na lile daftari lake la maswali ya sheria. Mia mbili na ushee, yote kayaokota kazini kwa masikio yake mwenyewe.

Mengine yalikuwa moto kweli. Kwenye jinai, nani anatakiwa kuthibitisha kosa? Upande wa mashtaka. Mtu anaweza kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe? Thubutu. Shahidi ambaye hajaitwa anaruhusiwa kukaa ndani kuwasikiliza wenzake? Anasubiri nje. Hoja aliyajibu chapchap huku anatikisa goti. Ila hili la arobaini, we acha tu.

"Nyie mahakama!" mama akapaza sauti toka jikoni. "Chai inapoa, na mimi siipashi tena!"



"Mlangoni," baba akarudia taratibu. Akavua miwani. "Haya, wakili. Nifundishe."

"Shtaka likisomwa, mtu akakaa kimya makusudi, hakimu anaandika kwamba amekana. Kesi inasikilizwa."

"Mimi nimeona kwa macho haya, mwanangu. Jamaa anasomewa, kimya. Naambiwa nenda kaite mashahidi. Naita, nawaingiza, natumwa chumba kingine. Jioni namkuta jamaa anapandishwa gari la magereza. Sasa hapo hakukubali?"

"Baba, kama alishakubali, mashahidi ulitumwa kuwaita wa nini?"

  Baba akatazama mlango wa sebuleni kana kwamba kuna mtu nje anasubiri kuitwa. 

"Hili swali," baba akasema, sauti imeshuka. "Mwaka jana walikuuliza?"

Hoja akaangalia viatu vyake.

"Walikuuliza. Na ukajibu la kwangu."

Kimya. Mwaka mzima alikuwa amewaambia watu kwamba siku ile aliamka na homa, ndiyo maana akaanguka. Hata mama alikuwa anaamini ile homa.

Baba akavuta pumzi ndefu. "Kwa daftari langu, hapo umeshakubali. Kwa sheria yako, umekana. Haya, tuandike umekana." Akamsukumia kalamu. "Futa hilo swali."

Hoja hakufuta. Chini ya jibu la baba, lenye mwandiko wa kulala kama majani, akaandika la kwake kwa herufi ndogo.

"Mangapi tena humu ni ya mlangoni?"

"Mawili matatu," akasema Hoja. Yalikuwa kumi na tisa. Alishayahesabu.

"Muongo wewe."

"Thibitisha."

Baba akacheka mpaka akakohoa, mama akaja na vikombe kuchungulia kulikoni. Hoja akaibugia chai yake hapohapo kwa wima, baridi vilevile, huku baba anamkunjulia kola ya shati.

"Nikusindikize?"

"Baba, ukifika pale utaanza kuwaita watu koridoni."

"Kweli kabisa. Nenda peke yako. Wakikuuliza, jibu la kwako, umenisikia? Usiniogope mimi."

"Sawa, baba."

Hoja akachukua mkoba wa vyeti. Akageuka, akalitoa daftari mkononi mwa baba, akalichomeka katikati ya vyeti.

"Hilo la nini tena? Si lina makosa?"

"Nitasoma njiani."

Mama akamfuta kitu shavuni ambacho hakikuwepo. Baba alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama zamani kazini. Hoja akatoka, akaurudisha mlango polepole kwa mikono miwili, wasije wakadhani ameondoka na hasira.