Alama ya Nane

Jumanne hiyo Delbert, mume wangu, alikuwa na mapumziko, akanipeleka kliniki. Tukiwa tunangoja niitwe, aliokota gazeti mezani. Lilikuwa na mchoro wa pesa ambazo kila nchi hutumia kutibu watu wake, na miaka ambayo watu hao huishi. Nchi tajiri zilikuwa zimerundikana pamoja, juu kushoto. Nukta moja ilikaa peke yake, mbali kulia kwenye pesa nyingi, chini ya wenzake kwa miaka.

"Unamwona huyu aliyepotea njia?" akasema. "Ndio sisi Wamarekani. Tumekata tiketi ya ndege, tukapandishwa punda."

Nilicheka. Kisha nikamwona anajikanda kifua.

"Delbert, mwone daktari leo leo. Si tuko hapa hapa?"

"Nimeshauliza, mama. Nafasi ipo wiki ijayo, siku ya kazi."

Kiwandani kwao ukikosa zamu unapewa alama moja, hata ukileta cheti cha daktari. Zikifika nane, unafukuzwa. Yeye alikuwa na saba, na nne kati ya hizo alizipata akikaa nami hospitali sukari iliponizidi. Bima iliyonipa insulini ilitokana na kazi yake hiyo. Ile ya serikali ningeipata mwezi Machi, nikitimiza miaka sitini na mitano. Tulikuwa Januari.

"Basi acha kazi," nilimwambia garini.

"Halafu ujidunge nini? Maji ya bomba?"

"Nitapunguza dozi nusu. Dada yangu alifanya hivyo."

"Na dada yako yuko wapi sasa?"

Tulikuwa tumemzika majira ya mavuno ya mahindi.

"Ni wiki chache tu, Verna. Wewe nipikie maharage yangu, kifua niachie mwenyewe."

Kila asubuhi nilimsikiliza akivaa viatu. Alivaa kimoja, akapumzika kitandani, ndipo akavaa cha pili. Mapumziko hayo yaliongezeka siku hadi siku. Asubuhi moja nilificha funguo za gari. Hakufoka. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono, akangoja. Nikampa.

Tarehe kumi na mbili Februari walimkuta ndani ya gari kwenye maegesho ya kiwanda, zamu ikiwa haijaanza, sanduku la chakula mapajani. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Baada ya mazishi, msichana wa ofisi ya kiwanda alinipigia simu. Alikuwa na sauti ya upole. Alinieleza kwamba bima ya Delbert ingeendelea hadi mwezi uishe, na ya serikali ingeanza tarehe mosi Machi.

"Angalau hapo una bahati, mama," alisema. "Hutakaa bila bima hata siku moja."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikafungua friji kutoa sindano ya mchana.