Mikono ya Ambindwile

Serikali ilipoliuza shamba la chai, mwaka wa tisini na sita, watu wa Ikuti walidhani uwanja wa gofu ungelimwa wote upandwe miche. Haukulimwa. Wenye shamba wapya waliutembea siku nzima na miamvuli yao, wakasema utabaki kwa ajili ya wageni, na kijana mmoja wa hapo hapo atachaguliwa apelekwe Dar es Salaam akasomee ualimu wa mchezo huo. Asajile alizisikia habari hizo kiwandani, mikono imejaa majani mabichi. Alipotoka kazini hakupitia popote. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, kwa kaka yake aliyeishi naye.

Kaka yake, Ambindwile, alikuwa mfyeka nyasi wa uwanja huo tangu ujana. Hakuna aliyemfundisha kucheza. Mabwana wa shamba walipokwenda kula, alichukua fimbo iliyoachwa nje akapiga, na watu wakaanza kusimama kumtazama. Mwaka wa sabini na tisa shamba lilimpeleka Dar es Salaam kwenye mashindano, akawashinda wenye viatu vya gharama. Baada ya hapo alirudi kufyeka nyasi.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa na mashati yake yote yalikuwa yamemzidi. Kikohozi hakikumwachia. Ugonjwa wenyewe haukutajwa jina pale nyumbani, lakini majirani waliutaja kwa kunong'ona, na waliomletea ndizi waliishia uani. Waliutua mkungu kwenye majani, wakamsalimia mkewe Felista kwa mbali, wakaondoka.

"Umebakiza muda gani kabla ya majaribio?" Ambindwile aliuliza.

"Wiki sita, kaka."

"Niletee kigoda nje."

Nyuma ya nyumba palikuwa na malisho yaliyoteremka hadi kwenye migomba. Asajile alikuwa na mabega mapana na nguvu za kubeba magunia, na aliupiga mpira kwa nguvu hizo hizo. Kila mara ulipinda kulia ukaishia kwenye migomba. Ambindwile alikaa na blanketi mabegani, akimtazama. Siku ya tatu akasema, "Unapigana nao. Mpira haujakukosea kitu."

Akamwagiza fyekeo.

"Fyeka hapo."

Asajile akafyeka. Nyasi zikalala.

"Uliposhusha, ulilisukuma?"

"Hapana. Limeshuka kwa uzito wake."

"Na kiganja?"

"Kimejigeuza."

"Nani amekiambia kijigeuze?"

Asajile akalitazama fyekeo.

"Basi. Na fimbo ni hivyo hivyo. Wewe unaikaba mwanzo hadi mwisho, itapumua saa ngapi?"

Wakaanza upya, kama watu wanaojifunza kutembea. Kwanza miguu, itanuke sawa na mabega. Kisha vidole, vishike kiasi cha fimbo kutodondoka tu. Bega ligeuke taratibu, na wakati wa kushuka kiuno kitangulie, uzito uhamie mguu wa kushoto, mikono ije nyuma yake bila haraka. Viganja vingefunguka vyenyewe vikifika kwenye mpira. Asajile alikuwa akiyaelewa yote na kuyasahau yote mara tu fimbo ilipopanda. Mvua iliwakuta pale malishoni mara nyingi. Felista alitoka kumwambia mumewe aingie ndani, naye akasema anakuja, na hakwenda.

Jioni moja ya wiki ya tano alisimama. Alikuja nyuma ya mdogo wake, akamshika vifundo vya mikono. Viganja vyake vilikuwa vya moto kwa homa, na vyepesi mno. Wakaipandisha fimbo pamoja, wakaishusha pamoja, na Asajile akahisi kitu kikiachia mikononi mwake, bila yeye kukiachia. Mpira ulipita juu ya migomba ukaenda hadi barabarani.

"Umeusikia?" Ambindwile aliuliza.

"Nimeusikia."

Kikohozi kilimshika hapo hapo, akapiga magoti. Felista ndiye aliyembeba ndani.

Siku ya majaribio walikuja vijana watano. Wafanyakazi walijipanga pembeni mwa uwanja kutazama. Aliyewapima alikuwa Jaffari, mwalimu wa mchezo huo kutoka Dar es Salaam, mzee wa kofia ya rangi mbili aliyefikia mtaa wa Ibighi, mjini Tukuyu. Zamu ya Asajile ilipofika, alipiga mipira kumi. Minane ilikwenda mahali alipotaka.

Jaffari akamsogelea, meneja mpya akiwa kando yake.

"Nani amekufundisha?"

Asajile aliwatazama watu waliojipanga. Alimwona jirani aliyetua ndizi kwenye majani wiki iliyopita. Akitaja jina, wangeuliza yuko wapi, kisha wangeuliza anaumwa nini, na pengine meneja angeitazama mikono ya mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa wa namna ile.

"Nimejifunza mwenyewe," alisema. "Kwa kuangalia wazungu."

"Ajabu. Niliwahi kumwona mtu mmoja akiachia fimbo hivyo. Alitoka huku huku. Ambindwile. Humfahamu?"

"Namsikia tu, mzee."

Jaffari akamtazama kidogo, akaandika jina lake.

Asajile hakurudi nyumbani mapema. Alikwenda kukaa kiwandani kama mtu mwenye kazi, akarudi jua likizama. Ambindwile alikuwa kitandani, uso ameuelekeza mlangoni.

"Umepata?"

"Nimepata, kaka. Safari mwisho wa mwezi."

"Wameuliza aliyekufundisha?"

"Wameuliza. Nimewaambia ni wewe."

Ambindwile akalivuta blanketi hadi kidevuni.

"Ndaga, asante, mdogo wangu," alisema. Kisha akaongeza, "Bado una pupa ukifika juu. Uiangalie."

Alifariki siku kumi na sita baadaye, asubuhi, Felista akimlisha uji.

Asajile ndiye aliyeandika historia ya marehemu. Aliandika alikozaliwa, alikobatizwa, mke aliyemuoa, na miaka yake ya kufyeka nyasi. Chini yake akaandika kwamba marehemu alikuwa mchezaji mkubwa wa gofu na mwalimu, na kwamba ndiye aliyemfundisha yeye. Karatasi ikapewa mjomba wao Nsajigwa aisome mbele ya kaburi. Mjomba hakuwa mzoefu wa kusoma, na mwandiko ulikuwa umelowa mvua. Alifika kwenye ufyekaji, akaukazia macho mstari uliofuata, akauruka. Asajile aliinua mkono. Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba, na mkono akaushusha.

Siku ya tatu baada ya maziko, Felista alimkuta ameketi malishoni. Akakaa kwenye nyasi karibu naye.

"Shemeji, yule mzee wa Dar es Salaam alifika hapa."

"Lini?"

"Siku ile ya majaribio. Mchana, na gari. Aliulizia njia kwa watu hadi akafika. Aliingia hadi chumbani, akamshika mkono, wakanywa chai."

Asajile hakugeuka.

"Alimwambia ulivyosema. Hakujua kama ninyi ni ndugu. Alipojua, aliona aibu sana, mzee wa watu."

"Kwa hiyo kaka aliponiuliza..."

"Alikuwa anajua."

Ukungu ulikuwa unashuka kutoka Mlima Rungwe, umeshaifunika nusu ya migomba.

"Kaka alilia?"

"Alilia kidogo. Halafu akamuuliza yule mzee mpira wako ulikwenda wapi. Akamuuliza mara mbili, mpira wa kwanza hadi wa kumi." Felista alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Alinikataza nisikuambie. Alisema una safari."

"Sasa mbona umeniambia?"

"Kwa sababu wewe unaondoka, mimi nabaki. Siwezi kubaki nalo peke yangu."

Alisimama, akakung'uta nyasi, akarudi jikoni, kwa kuwa wageni wa msiba walikuwa hawajala. Asajile alibaki pale hadi ukungu ukamfikia.